Jumamosi Moja Bila Matanga

Kabla hamjauliza mazishi ni lini: yuko hai. Nasema mapema kwa sababu watu wa hapa wakiniona nimeketi kuandika habari za mtu, wanaanza kutafuta viatu vyeusi. Nimewazoesha mwenyewe. Nina duka la kuchapa pale Katito, karibu na njia panda ya kwenda Kendu Bay, na kinacholiweka wazi duka hilo si barua za kuomba kazi wala vyeti vya watoto. Ni programu za mazishi: picha ya marehemu juu, historia yake ndani, nyimbo nyuma.

Huyu ninayemwandika alinifundisha Jiografia katika sekondari, na alipostaafu akawa mwandishi na msomaji wa historia za marehemu kwa eneo letu zima, toka barabarani hadi kule juu Nyabondo. Watu wanamwita Japuonj, yaani mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Mimi namwita Mwalimu. Sitasema alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani, wala alikuwa wa ngapi katika nyumba ya mke wa ngapi. Si kwamba sijui. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyaruka hayo. Familia zilikuwa zikimletea kurasa nne za ukoo, naye anazipiga mstari mwekundu toka juu hadi chini, huku wenyewe wakitazama.

"Kila mtu alizaliwa," alikuwa akisema. "Nenda mbele."

Basi naenda mbele.

Ana sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kipaza sauti. Kuna mazishi fulani jenereta ilizimika akiwa katikati ya aya, mvua inapiga hema, na hakusita hata kwa neno moja. Wanaume waliokuwa wakipiga gumzo nyuma ya hema aliwasikia, akaweka kidole kwenye mstari aliofikia, akainua kichwa. "Nyinyi wa nyuma, mnataka kuja mbele mlale humu?" Alikuwa akionyesha jeneza. Gumzo likaisha, na hata familia ya marehemu ilificha kicheko ndani ya vitambaa vya machozi.

Mumewe alipofariki, watu walidhani ataketi na wajane wenzake, mtu mwingine asome. Alisimama akasoma mwenyewe. Alisema marehemu alikuwa mume mzuri siku nne kwa wiki, na kwamba siku hizo nne zilitosha. Wazee wa boma walikohoa. Shemeji yake mmoja alitaka kunyanyuka, akavutwa koti akakaa. Mimi nilikuwa pale na programu zangu mkononi, na katika programu hizo aya hiyo haikuwepo, kwa hiyo kila mtu alinitazama mimi kana kwamba nimekosea kuchapa.

Lakini msije mkafikiri alikuwa mtu wa kweli tupu. Mlevi aliyelala mitaroni miaka ishirini alimwandika kuwa "alipenda kuwa na wenzake." Mwanamke aliyegombana na kijiji kizima alimwandika kuwa "hakuwa mtu wa kunyamazia jambo." Nilimwuliza siku moja kwa nini yeye alimpa mumewe siku nne tu na hawa wengine akawapa saba. Aliniambia mumewe alikuwa wake, wengine ni wa watu.

Na alipanga. Mungu wangu, mtu yule alipanga! Kila kitu kwake kilikuwa andalio la somo: shabaha, vifaa, hatua, muda. Alipanga kufua. Alipanga kwenda sokoni kununua omena, dagaa wa ziwa letu, na kwenye karatasi ya kwenda sokoni kulikuwa na nafasi ya maoni baada ya somo, ambapo aliandika mambo kama "Muuzaji alichanganya na za juzi. Asirudiwe." Alisema mpango usio na saa ni maombi, naye maombi alikuwa na mahali pake pa kuyapeleka, Jumapili, saa tatu.

Sasa lazima niseme juu ya zabibu, na nitasema kwa hasira kidogo, maana jambo lenyewe lilinigusa mimi kwanza.

Nilipokuwa kidato cha tatu alitupa mtihani. Swali moja lilisema tutaje sehemu tano duniani zinakolimwa zabibu. Niliandika Ufaransa, Italia, Rasi ya Afrika Kusini, Chile, na ya tano nikaandika Naivasha. Karatasi iliporudi, Naivasha ilikuwa imepigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na kando yake ameandika: "Umeota?" Nilisimama darasani nikamwambia shangazi yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua kule, na ng'ambo ya ua wao kuna mizabibu, ameiona kwa macho yake. Mwalimu aliniuliza, "Shangazi yako ameandika kitabu?" Darasa zima lilicheka. Akatueleza tena kwamba zabibu zinataka baridi ya kuzilaza na joto kavu la kuziivisha, kwamba hapa Ikweta hatuna hili wala lile, na kwamba ramani haikosei, anayekosea ni msomaji. Nilikosa alama mbili. Nafasi ya kwanza nilikosa kwa alama moja. Sijasahau.

Miaka ilipita, nikafungua duka, shangazi akastaafu akaniletea kalenda ya ukutani kutoka huko. Mwezi mmoja ulikuwa na picha ya shamba: safu ndefu za mizabibu, na nyuma yake mlima ambao mtu yeyote aliyefundishwa na Mwalimu angeutambua. Nikaitundika juu ya printa. Nakiri, niliitundika makusudi.

Mwalimu aliingia Jumatano, siku yake ya kuleta historia, akasimama mbele ya ile kalenda mpaka wateja wawili wakapita wakahudumiwa wakaondoka.

"Hapa ni wapi?"

"Naivasha, Mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Naivasha ipi?"

"Ile ya Kenya. Ile uliyoniuliza kama nimeota."

Aliondoka bila kuniachia historia ya marehemu. Kesho yake asubuhi alirudi na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya marehemu. Nyingine ilikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: Somo, Mizabibu. Mahali, Naivasha. Muda, Ijumaa hadi Jumapili. Shabaha: kufikia mwisho wa wikendi mwanafunzi aweze kuutambua mzabibu, kuushika, kuonja divai na kueleza sababu za kuikubali au kuikataa.

"Mwanafunzi ni nani?" nilimwuliza.

"Tutajua huko huko," alisema. "Mimi nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na zaidi kwamba kitu hiki hakipo. Sitaamini kalenda. Nitaamini nikikiona."

Alinipa kazi ya kupiga simu. Shamba lile, niliambiwa, lilipokea wageni Jumamosi tu. Siku nyingine ni kazi. Nilipomwambia hivyo aliweka kalamu chini, nami nilijua kwa nini.

Sisi huku hatuna wikendi. Tuna Ijumaa ya kupokea mwili kutoka mochari, Jumamosi ya kuzika, na Jumapili ya kumshukuru Mungu kwamba si sisi. Mtu anaweza kufa Jumapili iliyopita au mwezi uliopita, atazikwa Jumamosi. Na kuzika si hiari. Kuna kikundi cha akina mama cha kuzikana, Mwalimu akiwa mmoja wao, chenye kitenge chao kimoja, chenye sufuria na viti, na sheria yao ni moja tu: usipozika, hutazikwa. Maana yake si kwamba utaachwa juu ya ardhi. Maana yake ni kwamba siku yako watakuja ndugu zako peke yao, viti vitabaki vitupu, na watu watapita barabarani wakielekea kwingine. Hakuna aibu inayoogopwa kuliko hiyo. Mimi mwenyewe naiogopa.

Tarehe ya kwanza aliyopanga, alikufa mke wa binamu ya mumewe. Tarehe ya pili, mlinzi wa zamani wa shule. Ya tatu, mto Nyando ulifurika, na kabla maji hayajapungua vizuri tukawa tunamzika jirani. Kila mara hakuichana karatasi. Aliweka rula, akakata tarehe, akaandika nyingine chini yake. Karatasi ikajaa, akagundisha kipande. Mara moja tu nilimsikia analalamika, tena kwa sauti ya chini, ameegemea meza yangu.

"Hawa watu hawawezi kufa Jumatatu?"

"Wanakufa Jumatatu, Mwalimu. Wanazikwa Jumamosi."

Watu wa kanisani walipopata habari za mpango huo walianza maneno yao. Mama mzima wa kanisa, mjane, anataka kulala nje siku mbili kwa sababu ya pombe! Aliwajibu mbele ya mlango wa kanisa, ibada imeisha, watu bado wanasalimiana. "Nimekunywa divai humu ndani miaka arobaini, kijiko kimoja kimoja. Glasi nzima sijawahi kupewa. Nataka kujua nimekuwa nikinywa nini." Kasisi alicheka. Wengine hawakucheka.

Shida ya macho yake nilianza kuigundua kwa herufi. Nakala ya kusomea nilikuwa namchapia peke yake, na aliniambia niongeze ukubwa kidogo. Mwezi uliofuata, kidogo tena. Mwishowe ukurasa mmoja ulikuwa unabeba sentensi sita. Kisha nikaona anajikwaa kwenye viti vya kukodi, na anageuza kichwa chote ili kumwona mtu aliyesimama kando yake. Watoto wake wako mbali na hupiga simu, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho Kisumu.

Presha ya macho. Imekaa muda mrefu, daktari alisema. Kilichopotea kimepotea, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kingo za kuona hutangulia kufifia, kisha katikati.

"Nina miezi mingapi?" Mwalimu aliuliza.

"Hiyo siwezi kusema, Mama. Inategemea."

"Hata watu wa hali ya hewa husema, na wao hukosea kila siku. Jaribu."

Daktari hakujaribu. Tulishuka hadi ufuoni tukala samaki. Magugumaji yalikuwa yamefunika maji mpaka karibu na meza za wateja, na yeye aliyatazama akisogeza kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa analisoma ziwa kipande kwa kipande. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na akaniambia nile samaki kabla hajapoa.

"Nimebaki na tundu," alisema. "Tundu hili sitalimaliza lote kwa kutazama majeneza."

Pale pale akatoa ile karatasi kwenye mkoba, akaazima kalamu yangu, akaandika tarehe. Chini yake akaandika neno ambalo sijawahi kuliona katika andalio lolote la somo: HAIAHIRISHWI.

Siku tisa kabla ya tarehe hiyo akafa chifu mstaafu.

Nataka mwelewe chifu yule alikuwa nani kwetu. Ni yeye aliyesimamia barabara, kisima, na kesi zetu zote za mipaka. Mazishi yake yangeleta magari kutoka Kisumu, kutoka Maseno, mpaka kutoka Nairobi. Hakuna aliyejiuliza nani atasoma. Jumatano wakaja dukani kwangu wawili: Mama Mwenyekiti wa kikundi, na mzee mmoja wa komiti ya mazishi. Mwalimu alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa nachapa, na sikuizima printa, kwa sababu niliogopa kimya.

"Japuonj," Mama Mwenyekiti alianza, "tumesikia maneno mbaya. Ati Saturday hauko."

"Maneno ni ya kweli. Ubaya umeongeza wewe."

"Yawa! Unaenda wapi?"

"Kuona zabibu."

Yule mzee alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ni nani amwelezee. "Zabibu? Si ziko Kisumu kwa supamaketi, Japuonj? Tutatuma mtu akuletee kilo moja."

"Na chifu picha yake si hii hapa kwa programu, Mzee? Itazame, halafu Saturday ubaki nyumbani."

Mzee alishika kofia yake. Mama Mwenyekiti hakurudi nyuma. Ni mwanamke mwema, nisimfanye shetani. Amewazika watu ambao ndugu zao waliwakimbia. Lakini alikuwa ameshaudhika.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema.

"Guu ni langu."

"Sawa. Na siku yako, Japuonj? Mimi nauliza tu. Siku yako nani atakuja?"

Printa ilitoa karatasi kama sita hivi. Kisha Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kurasa tatu zilizokunjwa vizuri.

"Historia ya chifu hii hapa. Nimeandika yote, hata ile kesi ya ng'ombe, nimeiweka kwa heshima. Mtasoma nyinyi. Nyinyi wote kusoma mnajua, wengine nimewafundisha mimi mwenyewe."

Walipotoka, aliufunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Nikampa maji. Nikamwambia, kwa sababu mimi pia ni mtu wa hapa na nina siku yangu, kwamba tunaweza kusogeza wiki moja tu, hata chifu mwenyewe angependa. Alinitazama kana kwamba nimeandika Naivasha tena.

Ijumaa nilifunga duka. Tulipanda gari Ahero, na tulipofika Kericho aliwaeleza abiria kwa nini mvua hunyesha pale karibu kila alasiri, jinsi unyevu wa ziwa letu unavyopanda milima ukapoa, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza. Walimsikiliza wote. Mmoja aliandika kwenye simu yake. Tulilala katika nyumba ya wageni iliyokuwa baridi kiasi kwamba alivaa soksi zangu juu ya zake, na asubuhi saa mbili na nusu, kama karatasi ilivyosema, tulikuwa langoni.

Aliyetupokea alikuwa binti mmoja, mfanyakazi wa shamba, buti zimejaa udongo. Alituongoza mpaka mwanzo wa safu, akaanza maneno yake ya kila Jumamosi, na Mwalimu akamwinulia mkono anyamaze. Akasogea. Akaweka uso karibu na jani la kwanza, karibu kabisa, akilitafuta kwa lile tundu lake. Alipolipata alilifuata jani hadi kikonyo, kikonyo hadi tawi, tawi hadi shina, vidole vikitangulia na jicho likifuata. Kisha akakuta kichala. Zabibu nyeusi, zimebanana, zina vumbi jeupe kama la chaki. Alizihesabu kwa midomo, sikusikia alifika ngapi.

"Zipo," alisema.

Safu ya pili ilikuwa imepogolewa, vijiti vitupu. Akauliza kwa nini hii imelala na ile imezaa, ilhali ni shamba moja na jua moja. Nyuma yake lilikuwa swali aliloishi nalo tangu kalenda: bila baridi, nini huulaza mzabibu?

"Hapa kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu," yule binti alisema. "Ukiuacha, unaota majani tu mwaka mzima. Kwa hivyo tunaulaza wenyewe na makasi. Tukikata, unalala. Ukiamka, unazaa."

"Kwa hivyo majira mnakata nyinyi."

"Ndio, Mama. Tusipokata, hayaji."

Mwalimu aliniangalia. Sijui alikuwa akifikiria nini, lakini mimi nilifikiria ile karatasi iliyojaa tarehe zilizokatwa, na moja isiyokatwa.

Tulipewa meza chini ya kibanda na glasi mbili. Alinusa kwanza, kama alivyopanga, akanywa funda moja, uso ukamkunjamana wote. "Chungu," alisema. "Ya kanisani wanatia sukari, lazima." Akanywa la pili ili kuhakikisha. Aliimaliza glasi, akaandika kwenye nafasi ya maoni: "Imekubaliwa. Sababu: haijifanyi tamu." Kisha akatazama saa, akaisogeza karibu na jicho. Ilikuwa saa tano na robo. Huko nyumbani walikuwa wameshaanza.

"Sasa wako kwenye watoto aliowaacha," alisema. Alimpenda chifu yule, hakuwa jiwe. Akachuma zabibu moja kwenye kichala tulichopewa, akaitafuna taratibu mpaka mwisho.

Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Nilikunyima ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

Alitoa kalamu nyekundu. Anatembea nayo mpaka leo. Aligeuza karatasi ya mpango, akaandika jina langu, akaandika Naivasha, akaweka tiki kubwa iliyotoka nje ya mstari, na kando yake mbili. Akatia sahihi.

"Usiseme nimekupa," alisema. "Ilikuwa yako."

Nililia tena, na safari hii hapakuwa na samaki wa kuninyamazisha nao.

Tuliporudi tulikuta historia ya chifu ilisomwa na yule mzee wa komiti, na familia ilikuwa imeongeza kurasa za ukoo, basi alizaliwa kwa dakika arobaini. Hayo niliyasikia sokoni. Mengine hayakunichekesha. Kikundi kilikaa, kikaamua. Barua ya kumtoa Mwalimu kikundini niliichapa mimi. Ndiyo, mimi. Mama Mwenyekiti aliniletea kama kazi nyingine yoyote, na sikukataa, na naona haya hadi leo ninapoandika hapa. Nilimpelekea Mwalimu kwa mkono wangu ili asiletewe na mtu mwingine. Aliishika karibu na uso, akaizungusha, akanirudishia.

"Herufi ndogo mno," alisema. "Kachape upya. Nataka niisome mwenyewe."

Nilirudi dukani nikaichapa kwa herufi kubwa, kurasa tatu. Aliisoma yote mbele yangu. Akakifua kile kitenge cha kikundi, akakipiga pasi, akakirudisha. Tangu siku hiyo hakuitwa kusoma. Akihudhuria mazishi aliketi nje ya hema na wageni, na wanawake aliowasomea mama zao walipita mbele yake kimya wamebeba masinia, wakijua haoni vizuri, na wakitumia hilo. Mlinitaka niandike bila hasira? Tafuteni mchapaji mwingine.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, nilipeleka programu kwenye boma moja huko juu, na wakati wa kurudi nikapitia kwake. Barabara ilikuwa tupu, watu wote wako kwenye matanga. Nilimkuta barazani, redio imezimwa, mikono magotini. Lile tundu limefungwa sasa. Alinitambua kwa miguu.

"Umekuja na kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Ni yangu. Sitaki mtu aniandikie nikiwa nimelala, siwezi kusahihisha."

Nikakaa kwenye ngazi. Kwa mazoea ya kazi mkono wangu ukaanza wenyewe, na kwa mazoea yangu nasema ninachoandika: "Marehemu alizaliwa..."

"Kila mtu alizaliwa," alisema. "Na hiyo marehemu toa, bado sijafika. Andika hivi: Jumamosi moja hakwenda kuzika. Alikwenda kuona."

Nikaandika. Nikangoja. Kumbe ndiyo ilikuwa imekwisha. Nikamwambia ni fupi, watu watashangaa, na akasema washangae, ndiyo kazi yao. Nikamwuliza nani atasoma.

"Wewe. Kwa sauti, tafadhali. Unamumunya maneno tangu kidato cha kwanza."

Ndipo nikauliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ya printa. Sikujua njia nzuri ya kuliuliza, nikaliuliza vibaya. "Na wasipokuja, Mwalimu?"

Aligeuza uso kuelekea bondeni, upande wa ziwa, upande ambao hauoni tena.

"Wasipokuja sitawaona," alisema. "Zabibu niliziona."

Tulikaa. Kutoka mbali, upande wa lile boma, kipaza sauti kilikuwa kinasoma ukoo wa mtu, jina kwa jina, na alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa msomaji. Nilikunja karatasi. Nikiwa nimeshasimama nikakumbuka kazi yangu, nikamwuliza nichape nakala ngapi. Nilifikiri atasema ishirini, za watoto na wajukuu.

"Mia tano," alisema.

"Mwalimu."

"Mia tano. Watakuja tu, nyathina, mwanangu. Hawa watu hawajui pengine pa kwenda Jumamosi."

Nikaandika mia tano.